Wivu Uliompandisha Rahila Mlinga

"Shoga, huyu aliyemshika mkono mchumba wako ni nani?" Sabra aliuliza, simu kamsogezea Rahila puani.

Rahila akaacha kupanga machungwa mezani, akainyakua simu. Pichani, chini ya Mlima Mlinga, wanafunzi wa chuo walikuwa wamejipanga na fulana zao za buluu. Walikuwa wanapanda kuchangisha fedha za kumleta mshauri wa wanafunzi wenye msongo wa mawazo. Hilo Rahila alilijua, hata yeye alichanga. Asiyemjua ni yule msichana maji ya kunde aliyeshikana mkono na Tahiri kama maharusi.

Akatoa simu yake, akamwandikia Tahiri: "Huyo ni nani?"

Jibu likaja: "Loveness, nasoma naye. Tumepangwa wawili wawili. Nikishuka nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi."

Tiki moja. Ujumbe haukufika.

"Wawili wawili!" Sabra akacheka. "Hata safina ya Nuhu ilikuwa wawili wawili, dume na jike."

"Niangalizie meza."

"Unakwenda wapi wewe? Posa imeshapokelewa, harusi baada ya Iddi!"

"Posa hurudishwa, Sabra. Nikimfumania, leo leo inarudi kwao Nguvumali."

Bodaboda kutoka Muheza ikamshusha njia ilipokwisha. Rahila akakaza kanga kiunoni, akavua ndala akazishika mkononi, akaukabili mlima. Wanafunzi wenye viatu vya kupandia na fimbo wakashangaa kupitwa na mwanamke peku.

"Dada, na wewe umechangia safari yetu?" mmoja akauliza huku anahema.

"Nimechangia mchumba. Tahiri yuko wapi?"

"Juu, kwenye mwamba. Lakini sasa ni zamu ya kusema. Kila wawili wanakaa peke yao, mmoja anatoa kilichomlemea, mwenzake anasikiliza tu, hajibu neno. Hawaingiliwi."

"Mimi naingilia."

Akawakuta. Tahiri kainamisha kichwa magotini, analia. Mkono wa Loveness uko begani mwake.

"Utoe huo mkono kabla sijautoa mimi!"

Loveness akaruka kando. "Dada, sivyo unavyodhani."

"Wewe unajuaje ninavyodhani? Na wewe Tahiri, unamlilia mtoto wa watu? Kwangu mimi huna machozi?"

"Kaa chini, Rahila."

"Sikai. Unampenda?"

"Simpendi. Namwambia tu."

"Unamwambia nini?"

Tahiri akajifuta uso kwa fulana. "Kwamba silali. Kwamba nikiingia kwenye mtihani kifua kinabana, nasahau hata jina langu. Mwaka wa pili sasa. Kuna siku niliona bora nisiamke."

Rahila akakaa bila kupenda. Angefumania busu ingekuwa nafuu. Busu angejua namna ya kuligombania.

"Mwaka wa pili, na mimi sijui?"

"Nilikwambia. Barazani kwenu. Nilikwambia nina kitu kifuani hakiniachi nilale. Ukafanya nini?"

Rahila akakumbuka. Alikwenda kumwambia shangazi yake, Mwanamkasi. Shangazi akasema hilo ni shetani. Tahiri akaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, akanyweshwa maji yake, akafukizwa ubani na udi, wanawake wa mtaa wamejaa mlangoni. Siku ya pili mpaka watoto wa madrasa walijua mchumba wa Rahila amepagawa.

"Nilitaka upone," akasema taratibu.

"Najua. Kombe nililinywa na dua sikuikataa. Lakini watu walianza kunipisha njia kama kichaa. Nikaapa sikwambii tena kitu. Loveness hana shangazi mtaani kwetu."

"Kwa hiyo yeye anakujua kuliko mimi."

"Kwa hili, ndiyo."

"Bora ungembusu," Rahila akasema, na machozi yakamtoka.

Loveness akabeba begi lake. "Dada, kushuka nako ni wawili wawili. Mimi nitawafuata wale wa mbele. Shuka naye wewe. Ila hujibu, na maneno yake huyapeleki kwa mtu."

"Huyu? Hawezi," Tahiri akasema. "Namjua."

"Hata mimi sijui kama naweza," Rahila akasema. "Nijaribu. Nikishindwa, posa ifuateni nyinyi wenyewe."

Wakashuka. Tahiri alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakamtoka kama mtu anayetapika. Kila Rahila alipotaka kufungua mdomo aliuma ncha ya kanga. Simu yake ikaita, jina la shangazi Mwanamkasi likawaka. Sabra alikuwa ameshafikisha habari. Tahiri akanyamaza, akamtazama.

Rahila akaizima simu.

Tahiri akaendelea. Walipoingia kwenye migomba akasimama.

"Mbona umenyamaza hivyo? Sema kitu basi."

"Nimeruhusiwa?"

"Sema."

"Nina wivu. Yule msichana ameyasikia haya kabla yangu, na sitamsamehe upesi." Akamshika mkono, akaubana mpaka vidole vikauma. "Haya, endelea. Ulikuwa umefika kwenye ule mtihani."