Doa la Upande wa Kushoto

Saa kumi na mbili jioni Salvina aliniletea maziwa. Akasimama mlangoni akisubiri niyamimine arudi na kibuyu chake.

"Shemeji, mpaka leo unapiga picha matone ya maji? Mvua yote hii ya Rombo haikutoshi?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike dada yake, Mektrida, mke wangu, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Chuo ninakofanya kazi kilikuwa kimenipa kamera inayopiga picha elfu moja kwa sekunde, nipime kama programu yake mpya inaboresha picha. Niliwasha taa kwa betri ya gari, maana kwa kasi hiyo taa za umeme wa kawaida huonekana zikipepesa. Nikarekodi tone likidondoka, kisha nikalitazama polepole kwenye kompyuta. Kwa programu ya zamani picha ilijaa chengachenga, na upande wa kushoto palikuwa na doa la kijivu. Nikafuta lenzi, nikarudia. Doa lilibaki.

Nikaweka programu mpya. Taa ile ile, umbali ule ule. Nilibadili kitu kimoja tu.

Chenga ziliisha. Tone likawa safi kama shanga.

Doa halikuisha.

Lilikuwa mkono.

Vidole vilikuwa vimeshika jani refu. Salvina, aliyekuwa ameingia kutazama, aliinama nyuma ya bega langu.

"Hilo ni isale," alinong'ona.

Nilijua. Kwetu mkosaji huja na jani la isale mkononi, na aliyekosewa hulipokea. Halikataliwi. Mektrida aliniletea jani hilo wiki tatu kabla hajafa. Nilikuwa nimegundua kwamba anaficha dawa za hospitali chini ya godoro na kunywa za mganga. Nilimwambia jani haliponyi figo. Nikatoka, nikamwacha nalo mkononi. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Shemeji... alikuletea?"

"Ndiyo."

"Ukapokea?"

Maji yalidondoka. Tii... tii...

Nikarekodi tena. Mkono ulikuwa umesogea karibu. Nikarekodi tena. Sasa niliona kovu la panga kwenye kidole gumba, lile la Mektrida. Chumba kilinuka moshi wa jikoni, na jiko halikuwa limewashwa tangu asubuhi. Nilipitisha kiganja mbele ya lenzi. Hapakuwa na kitu, ila baridi.

"Anakuja," alisema Salvina. "Kinga mikono, shemeji. Pokea!"

Nikabonyeza kitufe.

"Wewe! Bado unapima?"

Katika rekodi hiyo jani lilijaza picha nzima. Niliweza kuhesabu mishipa yake, na nilikuwa nimeanza kuihesabu. Kwenye picha ya mia sita likaanza kurudi nyuma. Kwenye ya mia tisa mkono ulikuwa umegeuka, unaondoka.

Nikarekodi mara nyingine. Tone tu.

Nikarekodi mara kumi na moja. Nikarudisha programu ya zamani. Chenga zilirudi. Doa halikurudi.

Salvina alichukua kibuyu chake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, nilikwenda kwenye migomba. Nilipiga magoti kando ya kaburi nikakinga mikono miwili, kama inavyopaswa. Nikamwita kwa jina. Nilikaa hivyo mpaka umande ukakauka na mabega yakachoka.

Hakuna aliyeniwekea kitu.