Waridi la Jangwani la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kijiko alifagia kibaraza, akapanga viatu vya wateja kwenye meza ya baba yake, fundi viatu, kisha akaenda kusalimia waridi la bibi yake. Jina la Kijiko alipachikwa utotoni, kwa sababu alikuwa haachi kijiko hata akilala.

Waridi lenyewe lilikuwa kichaka kifupi ndani ya chungu, shina limevimba chini, maua mekundu juu. Marehemu babu ndiye aliyeling'oa kwenye mawe ya nchi kame walikozaliwa, siku ile alipohama na Bibi. Bibi alilipenda kupita kiasi.

Siku moja Bibi alikwenda kulazwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho.

"Mjukuu wangu, nakuachia wewe," alisema. "Jua tele, maji kidogo. Tia kidole kwenye udongo. Ukigusa unyevu, usimwage hata tone. Nikirudi na jicho langu zima, nataka kuliona hili kwanza, kabla ya sura zenu."

"Hata yangu, Mama?" Baba aliuliza.

"Yako naikumbuka vizuri. Haina jipya."

Mwanzoni Kijiko alitii. Lakini jua lilikuwa kali mno, naye akalionea huruma ua la watu. Akalipa kikombe kimoja cha maji. Kesho yake akalipa kingine. Majani yakageuka manjano. "Masikini, lina kiu!" akasema, akaongeza maji. Loo! Maua yakapukutika yote, na shina lililokuwa gumu kama goti likawa laini kama ndizi iliyoiva.

Kijiko alishikwa na hofu. Asubuhi ya kurudi Bibi, alichomoa maua ya plastiki sebuleni, akayafunga kwenye matawi kwa uzi wa viatu.

Bibi alifika ameshikwa mkono na Baba, bandeji imeshatolewa. Hata ndani hakuingia. Alisimama kibarazani, akakaza macho.

"Jamani! Naona wekundu! Limechanua!" Machozi yakamtiririka. "Laiti mzee wangu angekuwepo leo."

 Hakuna aliyegundua kitu, na Kijiko angeweza kunyamaza. Lakini furaha ile ya Bibi ilimuuma kuliko fimbo.

"Bibi, hayo ni ya plastiki," alisema huku akilia. "Nimelimwagia maji mengi, limeoza. Nisamehe, Bibi."

Bibi alikaa chini taratibu. Huzuni ilionekana wazi usoni mwake. Ndipo mama yake Kijiko, aliyekuwa mlangoni, alipokohoa kidogo.

"Mama, si yeye peke yake. Kila jioni mimi nilimwaga pale maji niliyooshea mchele. Nilidhani mtoto amesahau."

Bibi akamgeukia Baba, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe?"

"Kidogo tu, Mama. Yale yanayobaki kwenye ndoo ya kulowekea ngozi."

"Ala! Watu wazima mnasaidiana na mtoto kulizamisha ua moja!" Bibi alifoka, kisha kicheko kikamtoka bila kutaka. "Haya, leteni kisu cha ngozi. Huenda bado lina uhai."

Walilitoa kwenye chungu. Mizizi ilikuwa myeusi na ikinuka. Bibi alikata pole pole mpaka akafikia sehemu nyeupe na ngumu. "Hapa pazima," alisema. Wakalining'iniza kivulini mpaka kidonda kikauke. Baba alitoboa matundu chini ya kopo pana ili maji yasituame, naye Kijiko akachekecha mchanga na kuuchanganya na kokoto ndogo.

Baada ya kulipanda ikaja kazi ngumu kuliko zote, kuliacha. Kila asubuhi Kijiko alitia kidole mchangani. Maji aliyatia mchanga ukikauka kabisa tu, tena kidogo.

Majani mapya yalichelewa mpaka wakakata tamaa, kisha yakaja. Hatimaye asubuhi moja Kijiko alipiga kelele, "Bibi! Njoo uone!"

Lilikuwa ua moja tu, jekundu. Bibi aliinama, akaligusa ahakikishe si la plastiki. Akamvuta mjukuu wake kifuani.

"Mjukuu wangu, kupenda peke yake hakutoshi. Muulize kwanza unayempenda anahitaji nini. Na siku ile ungenyamaza, kuoza kungefika moyoni mwa shina, nami ningekuwa nafurahia plastiki. Kweli yako ndiyo iliyoliokoa."

Baba akatokea mlangoni na bilauri ya maji mkononi.

"Wewe! Unakwenda wapi na hayo maji?"

"Nakunywa, Mama!"

"Kanywee ndani!"