Moyo wa Hudihudi

Sisi wa Skoura, huku kusini mwa Moroko, asubuhi zetu zinafanana. Wanawake tunawasha tanuri, tunachoma mikate, tunasemezana kupitia ukuta. Mimi Rkia huondoka mapema kuliko wenzangu, maana ni bibi shamba. Nakagua mitende na bustani za watu, nawaeleza jinsi ya kupambana na wadudu. Wengine wananisikiliza. Jirani yangu Itto hanisikilizi, ila nampenda hivyo hivyo.

Siku moja ya mwezi wa nne nilikuwa navaa viatu nikasikia yowe kwa Itto.

"Nyoka! Rkia, nyoka ukutani!"

Nikachukua jembe, nikakimbia. Nilimkuta Itto juu ya ngazi, amening'inia kwenye ukuta wa udongo. Uso wake ulijaa uchafu unaonuka kama mzoga. Binti yake Tuda alikuwa ameishika ngazi huku anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Itto akashuka, nikapanda mimi. Ukutani palikuwa na tundu. Nilipochungulia tu, nikasikia mlio mkali, kama wa nyoka kweli. Nikashuka upesi, nami nimeshapata fungu langu shavuni.

"Hakuna nyoka," nikasema. "Ni makinda ya hudihudi. Ukiwasogelea wanalia hivyo ili uogope. Usipoogopa wanakugeuzia mkia, wanakurushia mavi. Na wana shabaha."

"Na uvundo huu?" Itto akauliza, anajifuta kwa kilemba.

"Wa mama yao. Akiatamia, mwili wake unatoa mafuta yanayonuka, hapo penye mkia. Anajipaka, anapaka na mayai. Adui akinusa anaenda zake. Hata vijidudu vya maradhi haviwezi kuishi humo. Sasa niambie, dada. Mkono wako ulikuwa unatafuta nini kwenye nyumba ya watu?"

Itto akazidi kujifuta. Tuda akamjibia.

"Moyo, mama mdogo. Alikuwa anatafuta moyo."

Nikaelezwa yote. Mwaka jana Tuda alianguka mtihani wa mwisho wa sekondari. Baba yake, Hammou, alishasema: mwaka huu akianguka tena, shule basi, ataenda mjini kufuma mazulia kwa mjomba wake. Mtihani ulikuwa mwezi wa sita. Itto akakosa usingizi. Jumapili akaenda sokoni kwa muuza dawa. Yule bwana akamwambia alete hudihudi mzima. Moyo wa ndege huyo, ukiliwa na asali ungali moto, unafungua kichwa kilichofunga.

"Si hudihudi ndiye aliyejua jambo asilolijua hata Nabii Suleiman?" Itto akasema. "Nabii na elimu yake yote, habari za malkia wa Saba aliletewa na ndege huyu. Basi moyo wake si akili tupu?"

"Na mimi ningeula huo moyo?" Tuda akauliza.

"Ungeambiwa ni wa kuku."

Hapo damu ikanichemka.

"Kwa hiyo tunamheshimu, halafu tunamchinja? Dini imekataza kumuua hudihudi. Imamu alilisema, na wewe ulikuwepo."

"Nilikaa nyuma. Sikusikia vizuri."

"Basi nisikie mimi, niko mbele yako. Hudihudi hakumpelekea Suleiman maneno ya sokoni. Aliruka mpaka Saba, akaona kwa macho yake, ndipo akarudi kusema. Sifa yake ni hiyo. Ukiutaka ujuzi wake, fanya alivyofanya. Kaa chini, tumwangalie."

Ajabu, akakaa. Tukajibanza wote watatu kando ya tanuri, hatua kama kumi na tano kutoka ukutani.

Haukupita muda, dume akatua kwenye vitunguu vya Itto. Akatembea huku anadonoadonoa. Mara akauzamisha ule mdomo mrefu ardhini wote, akavuta, akatoa mdudu mnene wa kahawia.

"Unamjua huyo?" nikanong'ona. "Chenene. Anachimba chini kwa chini, anakata mizizi."

"Ndiye anayemaliza vitunguu vyangu?"

"Ndiye. Na anayemmaliza yeye, wewe umemfuata na ngazi."

Itto akaziba mdomo kwa kiganja. Dume akaruka na chenene wake, akatua juu ya ukuta. Akakunjua kishungi cha kichwani, chote, rangi ya chungwa na ncha nyeusi. Moyo wangu ukadunda. Miaka yote hii namwona, na bado ananisisimua.

"Subhanallah," Itto akasema polepole. "Tuda, kione kishungi."

"Kishungi kipi?"

"Hicho kichwani, kama upepeo."

"Mimi naona kitu cha rangi ya udongo. Kinatikisika."

"Acha utani, mwanangu."

"Si utani, mama."

Nikasimama. Nikaokota kaa lililozimika kando ya tanuri, nikaandika ukutani herufi tano kubwa, mbali na tundu.

"Zisome."

Tuda akakaza macho. Akasoma moja, akaikosea. Nikamsogeza hatua tano, akapata mbili. Nikamsogeza mpaka karibu kabisa, akazisoma zote kwa mkupuo.

"Darasani unakaa wapi?"

"Nyuma. Warefu tunawekwa nyuma."

"Na ubaoni unaona nini?"

"Weupe weupe. Si kila mtu anaona hivyo? Ninanakili kwa Hennou, wa dawati langu. Hennou akikosea, nami nakosea."

Mwili ulinisisimka wote. Nikamkumbatia, nikamzungusha uani kama mwendawazimu. Kichwa cha mtoto hakijafunga hata kidogo. Macho yake ndiyo hayaoni mbali. Itto hakucheka wala hakuzunguka. Alikaa pale pale, analia.

"Mwaka mzima nimemwita mvivu," akasema.

Mikate ikaungua yote. Hammou alipouliza chakula, tukampa habari.

"Macho gani?" akabisha. "Mbona kitabu anasoma vizuri?"

"Kwa kukigusisha pua, baba," Tuda akajibu.

Hammou akamtazama, akatutazama sisi. Kesho yake akampeleka mjini Warzazati kwa daktari wa macho. Siku chache baadaye Tuda akarudi na miwani usoni. Akasimama mlangoni, akamwangalia mama yake kwa makini.

"Mama, kumbe una mvi."

"Irudisheni hiyo miwani," Itto akasema, na furaha imemjaa tele.

Kuanzia hapo Tuda akasoma kama mtu aliyenyimwa chakula mwaka mzima. Mwalimu alitaka kumsogeza mbele, Tuda akakataa. Alisema nyuma kunamtosha. Itto naye akawa mlinzi wa tundu. Paka wa mtaa akamjua. Muuza dawa alipomuuliza yuko wapi yule ndege, aliambiwa yuko kazini, anakula chenene. Mwezi wa tano makinda wakaruka, na vitunguu vikashika vizuri kuliko miaka mitatu ya nyuma.

Majina ya waliofaulu yalibandikwa kwenye lango la shule, mwisho wa mwezi wa sita. Wilaya nzima ilikuwa pale. Watu walisukumana, hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi. Hammou akakunja mikono ya kanzu yake, akajitosa, bega kwa bega, anaomba njia. Itto aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi.

Tuda alibaki nasi, ng'ambo ya barabara. Aliisukuma miwani kwa kidole, akatazama juu ya vichwa vya watu.

"Baba," akaita. "Baba, rudi. Usijiumize. Niko mstari wa tisa."