Mchezo wa Breki

Kila siku akitoka shule, Sindano alibadilisha sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kufumua nyuzi kuukuu na kushona vifungo. Jina la Sindano alipewa na wenzake wa darasa la tano, nusu kwa sababu ya kazi ya mama yake, nusu kwa sababu ya ulimi wake mkali. Naye alilipenda.

Mama alikuwa fundi wa kushona, na nguo nyingi alizoletewa zilikuwa sare za shule zilizochanika. Zilijaa kapu hadi zikamwagika sakafuni. Kabla ya kuitia nguo kwenye cherehani, aliikunjua, akaikodolea macho na kutoa hukumu.

"Huyu kapanda ukuta. Na huyu kakalia msumari, halafu kanyamaza kimya!"

Sindano alicheka hadi mbavu zikamuuma.

Jioni moja aliingia mlinzi mmoja, amevaa sare ya kazi, tayari kwenda zamu. Mkononi alishika shati jeupe la shule. Sindano alipoliona, alishusha macho. Huyo alikuwa baba yake Kobe, mwenzake wa darasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, nimekuletea tena shati lilelile. Hii ni mara ya tatu. Mtoto anasema ameanguka. Mara ya pili nilimchapa kwa uzembe, lakini wapi! Na sasa amezua la tumbo. Kila asubuhi wakati wa shule ukifika, tumbo. Wiki nzima hajaenda. Nafikiri nimwachishe tu, akae nyumbani na bibi yake."

"Usifanye haraka, baba. Niachie shati," fundi alisema.

Kobe alikuwa msichana mpole, mwembamba, anayetembea polepole na mkoba mkubwa mgongoni. Sindano ndiye aliyembandika jina hilo. Na Sindano ndiye aliyebuni mchezo wa breki. Mtu alimnyemelea Kobe kwa nyuma, akapiga kelele "Breki!" na kumvuta ukosi wa shati kwa nguvu. Kobe alisimama ghafla, kichwa kikarushwa nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Baada ya wiki mbili hata watoto wa darasa la pili walimfunga breki. Sindano mwenyewe alikuwa ameacha kuvuta. Alicheka tu, na kwa hiyo alijiona hana kosa.

Mlinzi alipotoka, mama alilitandaza shati mezani. Safari hii hakutania.

"Aliyeanguka nguo yake huchanika kiwikoni au gotini," alisema. "Hili limevutwa. Ona, ukosi umeng'oka nyuma, na kifungo cha juu kimekwenda na kipande cha kitambaa. Kifungo hiki kikiwa kimefungwa, ukimvuta mtu hivi, unamkaba koo."

Sindano hakuwahi kufikiria habari ya koo.

Mama aliinama akaanza kutoa nguo kapuni, moja baada ya nyingine. Mfuko huu ulipasuliwa na mkono wa mtu. Sketi hii ilikanyagwa, alama ya kiatu bado ipo. Kati ya nguo kumi na moja, saba aliziweka kando. Kisha akaketi, mikono mapajani.

"Siku zote natania hapa, kumbe watoto wanateswa na mimi nawashonea tu. Mwanangu, si mnasoma darasa moja na mwenye shati hili? Nani anamvuta?"

"Sijui, mama."

Mama alimwamini mara moja. Hilo lilimchoma Sindano kuliko kama angegombezwa.

"Haya, nifumulie huo ukosi."

Sindano alipougeuza ukosi, aliona mishono ya uzi wa bluu kwa ndani. Ilikuwa mikubwa, imepinda huku na huku, na mwishoni uzi ulifungwa fundo juu ya fundo.

"Mama, hii si mishono yako."

Mama alisogeza shati kwenye mwanga. "Si yangu. Huu ni mkono wa mtoto. Alijaribu kulishona mwenyewe, maskini, ili baba yake asimchape tena."

Akilini mwake Sindano alimwona Kobe amejificha mahali na sindano mkononi, akihangaika na uzi wa rangi isiyofaa kwa sababu hakuwa na mwingine. Alianza kulia. Alilia na kusema yote: jina, breki, kicheko. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Hakumpiga. Uso wake ulijaa huzuni ambayo Sindano hakuwahi kuiona.

"Vaa viatu," alisema. "Tumuwahi baba yake kabla hajafika kazini."

Walimkuta njiani, wakarudi naye nyumbani kwake. Kobe alikuwa ameketi kitandani. Sindano alirudia maneno yote mbele yao, kisha akamwita mwenzake kwa jina lake halisi na kumwomba msamaha.

"Kwa nini mimi?" msichana yule aliuliza.

 

Mlinzi alivua kofia yake. Alipiga magoti sakafuni na sare yake safi. "Nisamehe, mwanangu. Umeumizwa shuleni, na mimi nikakuongezea nyumbani. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema nimeanguka, ukanichapa. Ningesema nimevutwa, ungefanyaje?"

Baba yake alifunika uso kwa mikono.

Kesho yake fundi alikwenda shule na zile nguo saba. Mwalimu mkuu alizikagua moja moja. Aliingia darasa la tano akauliza ni nani aliyewahi kuvutwa, kusukumwa au kuitwa jina linalomuumiza. Mikono iliinuka taratibu, hata ya wale waliokuwa wakicheka, mpaka ikawa ya karibu darasa zima. Tangu siku hiyo walimu walipanga zamu uwanjani, na mchezo wa breki ukapigwa marufuku.

Binti wa mlinzi alirudi shule Jumatatu. Lakini kengele ya kwenda nyumbani ilipolia hakutoka. Alisubiri hadi kila mtu atoke, ili asibaki mtu nyuma yake. Ikawa hivyo kila siku.

"Mama, si nimeshaomba msamaha?" Sindano aliuliza. "Mbona bado ananiogopa?"

"Kuomba ulimaliza siku moja. Kukuamini ni juu yake yeye, mwanangu, si juu yako. Na aliyecheka amemwumiza sawa na aliyevuta. Wewe kuwa mwema tu, hata kama itachukua mwaka, na usimharakishe."

Kesho yake kengele ilipolia, Sindano alibaki darasani. Walikuwa wawili tu.

"Twende?" aliuliza.

Mwenzake alishika ukosi wake kwa mkono mmoja. "Tangulia wewe."

Sindano akatangulia. Alisikia hatua za polepole zikimfuata kwa mbali, na kila aliposimama, nazo zilisimama.