Rampe ya Séphora

"Usiniguse, Mumba! Nasema usiniguse!"

Séphora alikuwa chini, kando ya barabara ya Kamalondo, kiwiko kinavuja damu, kiti chake cha magurudumu kimelala ubavu. Gari lililomkumba halikusimama hata kidogo. Fundi cherehani huyu hajatembea tangu utotoni, na Jumamosi alikuwa afunge ndoa na huyo huyo Mumba, mwashi aliyejenga trotwari mpya, njia ya waendao kwa miguu, mbele ya kwao.

"Chérie, juu ya nini ulipita mu barabara?"

"Ningepita wapi? Trottoir yako iko juu sawa ukuta. Na dalle ya papa, ni weye ulivunja."

Kweli tupu. Marehemu baba yake alimimina mwenyewe bamba la zege juu ya mfereji ili bintiye apite. Mwezi uliopita Mumba alilivunja, akaapa kumjengea rampe, mteremko wa maana. Akapima upana wa kiti kwa mita yake huku akicheka. Kisha akaja na uso wa msiba: wakubwa wake wa kazi wamefuta rampe kwenye plan, ramani ya ujenzi. Séphora, maskini, ndiye aliyembembeleza.

"Niliomba ba chef, balikatala," Mumba akasema. "Jumamosi nitakubeba mu mikono mpaka ku kanisa. Bantu bote bataona mapendo."

Simu ya Séphora ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Adolphine, shoga yake. Séphora akausoma kwa sauti:

"Dada, niko ku depo ya bière, ku kona. Rampe yako iko huku! Banapitisha nayo kasiye. Patron anasema Mumba njo alijenga, bakamupatia kasiye kumi za fête yenu."

Séphora akamgeukia Mumba.

"Ni bongo? Adolphine anadanganya?"

"Séphora... Ndoa bila bière, ba yomba yako bangenicheka! Nilifanya juu yetu."

Séphora kuuzwa kwa makreti kumi ya bia, tena bia ya harusi yake mwenyewe!

"Kuja, nikubebe, tuingie mu nyumba."

"Shikutaka kubebwa, Mumba. Nilitaka kupita."

Akampigia mjomba wake, machozi yakimdondokea kwenye kioo cha simu.

"Yomba Stanislas? Ambia padri, Jumamosi hakuna ndoa."

Magari yalikuwa yanampigia honi. Mlango wa kwao ulikuwa hatua tano tu kutoka pale, nyuma ya trotwari.

"Na ukuje na mbao mbili, yomba. Nashindwa kuingia kwetu."