Zamu ya Mwanvita

"Mtoto gani anafichwa ndani ya nguo kama kifaranga?" Bi Semeni alifoka, beseni la dawa mkononi. "Huyu kapigwa kijicho, Mama Mwanvita. Mlete nimwogeshe."

"Haogeshwi na hatoki nje," Mama alijibu huku akikoroga maharage jikoni.

Majirani hao walianza kubishana kabla ukungu wa Mgeta haujapanda mlima, na tayari wapita njia walikuwa wamesimama kusikiliza. Mwanvita, wa darasa la sita, aliwasikia akiwa kitandani, mdogo wake amefungwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Mtoto alizaliwa na kilo mbili tu. Nesi Regina wa zahanati aliwaonya kwamba asiachwe apoe hata kidogo. Kwa hiyo Mama akiwa na kazi, zamu ni ya Mwanvita.

Bi Semeni akaingia chumbani, akanyoosha mkono mmoja. Tangu lini mtoto akamkatalia mtu mzima? Lakini pumzi ndogo ilimgusa shingoni.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, simtoi. Akipata baridi tutampoteza."

Hapo Nesi Regina, aliyekuwa amesikia yote akiwa mlangoni, akabisha hodi, maana ilikuwa siku yake ya kumkagua mtoto. Alimshika nyayo, akatabasamu: zilikuwa na joto. Kisha akawaeleza wote, pamoja na wapita njia waliochungulia dirishani, kwamba kijicho hakihusiki. Nchini wako wengi wanaozaliwa chini ya kilo mbili na nusu, mjini na kijijini. Malaria huchangia, na kazi nzito, na njaa ya mama.

"Sisi tunamtwisha mjamzito tenga la karoti mpaka kwenye lori," alisema, "halafu tunamnyima chakula, eti mtoto asiwe mkubwa akamsumbua kujifungua."

Macho yote yakamgeukia Bi Semeni. Nani asiyejua kwamba mkwewe Rehema, mwenye mimba kubwa, hushindia chai kwa ushauri wake?

"Mkubwa anaheshimiwa," nesi aliendelea, "lakini uhai ukiwa hatarini, ukweli usemwe, tena kwa adabu. Mwanvita kayafanya yote mawili."

Bi Semeni aliweka beseni chini. Akatoka mlangoni na kumwona Rehema akiteremka njiani, tenga kichwani.

"Rehema, mwanangu, tua hilo tenga," aliita, kana kwamba nyumba ni yake. "Maharage yameiva huku. Ingia ule ushibe."