Saini Ishirini na Tisa

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta, maana utakutana na wengine wawili watatu watakaokuvutia, lakini hawanifikii. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, miwani nene kama vitako vya chupa, na jina la utani la Darubini. Jina hilo nililipokea kwa moyo mkunjufu kwa sababu lile la kwanza lilikuwa baya zaidi.

Kila siku nikitoka shuleni nilipitia dukani kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi alikuwa fundi miwani, wa pekee katika mji wetu mzima. Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kabati la vioo lililojaa fremu, kiti cha kupimia macho, na ubao wa herufi ukutani. Cha nyuma kilikuwa na mashine ya kusagia lenzi, iliyotiririka maji kutwa nzima huku ikilia kama mbu mwenye kiburi. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi: kwanza fremu, kisha vioo vya kabati, mwisho ile karatasi kubwa iliyotundikwa juu ya mlango wa chumba cha nyuma. Karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo ya mto, na ilikuwa na muhuri mwekundu pembeni. Niliifuta kwa miaka minne nikiamini ni leseni ya biashara.

Shangazi alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata duka likifurika watu. Kabla ya kutoa lenzi kwenye fremu, aliitia ile ya kulia nukta ndogo ya wino. "Jicho la kulia halivai nguo za la kushoto," alikuwa akisema. Nilimsikia akisema hivyo mara elfu, nikaishia kusikia tu.

Sasa twende shuleni. Halmashauri ya mji wetu ilikuwa ikimsomesha mtoto mmoja kila mwaka katika shule ya ufundi ya bweni, miaka minne bure, mpaka sabuni ya kuogea. Mwaka ule nafasi hiyo niliihesabu kuwa yangu. Nilikuwa nimeshajichagulia hata kitanda: cha juu, karibu na dirisha. Matokeo yalipobandikwa, nikawa wa pili. Wa kwanza, kwa tofauti ya alama nne tu, alikuwa Ng'ambo.

Ng'ambo halikuwa jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu yeye na mama yake, fundi cherehani wa pale sokoni, walikuwa wamevuka mto miaka mitatu nyuma kutoka nchi ya upande wa pili. Alipoingia darasani kwetu hakuweza kusema sawasawa hata "nipishe nipite", na sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwaka wa tatu alikuwa akitusahihishia insha. Hapo hakuna aliyecheka.

"Haiwezekani!" alisema Kipaza, mtoto wa muuza nyama, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Sauti yake ilitosha kuamsha shule ya pili. "Kodi walipe wazazi wetu, asomeshwe mgeni? Andika barua, Darubini. Wewe una maneno."

Nikaandika. Na niseme kweli, ilikuwa barua tamu. Niliweka "uzalendo" mara tano na "haki" mara saba. Ila sikuweka hata mara moja kwamba Ng'ambo akiondolewa, nafasi inakuja kwangu. Jumanne jioni, nikiwa dukani na aya ya mwisho, miwani iliniponyoka ikaanguka sakafuni, lenzi zote mbili zikachomoka. Shangazi alikuwa na mteja. Nikachukua bisibisi, nikazirudisha mwenyewe chapuchapu. Fremu yangu ilikuwa ya duara, kwa hiyo lenzi ziliingia bila ubishi. Nikaendelea na uzalendo wangu.

Jumatano Kipaza akaizungusha karatasi darasani, tukapata saini ishirini na tisa. Mmoja alisaini akidhani ni safari ya kutembelea kiwanda. Mwingine alisaini mara mbili, kwa msisitizo. Karatasi ilipita kila dawati isipokuwa moja.

Alhamisi asubuhi niliipeleka kwa mwalimu mkuu. Aliisoma polepole, akaikunja, akanitazama.

"Umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kesho kuna kikao cha kamati ya shule, na afisa elimu wa halmashauri atakuwepo. Sina ruhusa ya kuficha barua, nitaisoma. Nikiisoma, huenda safari ya binti huyu ikasimamishwa mpaka suala lichunguzwe. Shule ya ufundi inafunguliwa Jumatatu, na kitanda chake hakitakaa wazi kumsubiri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Nikatoka kwa madaha, nikajigonga kwenye mlango. Tangu jana yake nilikuwa nikijigonga kila mahali. Sakafu ilikuwa ikipanda upande mmoja kama sitaha ya meli, ngazi zilinikimbia, kichwa kikinigonga. Kipaza aliniambia ni uzito wa uongozi. Nikamwamini.

Mchana ule nilikuwa peke yangu chumba cha mbele, nikifuta fremu, mlango ukafunguka akaingia Ng'ambo.

"Nimekuja kuchukua miwani ya mama," alisema. "Siku hizi hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Namtungia mimi, na Jumatatu sitakuwepo."

Nikajifanya natafuta kwenye droo. Sikuwa na uso wa kumtazama nao. Yeye akasimama katikati ya chumba, macho juu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini ile karatasi ya juu ya mlango. Aliisoma kama mtu aliyekutana na ndugu yake barabarani.

"Unasoma leseni?" nikamuuliza.

"Leseni gani? Hiki ni cheti. Kumbe mama huyu alisoma kwetu!"

"Nani, shangazi? Acha utani."

"Utani wa nini? Njoo nikusomee." Akanyoosha kidole, akawa anageuza maneno moja moja. "Cheti cha ufundi wa lenzi. Hapa jina lake. Hapa wanasema alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Na huku chini, maandishi haya madogo: 'Mwanafunzi huyu amesomeshwa kwa fedha za umma wa nchi hii.'"

Kitambaa kilinianguka mkononi. Miaka minne nimeyafuta maneno hayo mpaka yakang'aa.

"Una nini?" akauliza. Kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu lile liliniuma kuliko kofi. "Ni ile karatasi yenu? Naijua. Ila nilishangaa, mbona hukuniletea nisaini? Mle darasani nina mwandiko mzuri kuliko ninyi nyote."

"Karatasi gani?" Shangazi alikuwa mlangoni, mikono imelowa maji ya mashine.

Ng'ambo angeweza kunichoma pale pale, lakini aliniachia niseme mwenyewe. Basi nikasema yote: barua, saini, kikao cha kesho, mpaka kile kitanda cha juu karibu na dirisha.

Nilingoja kelele. Shangazi akakausha mikono, akamkabidhi Ng'ambo miwani ya mama yake, akamwambia, "Nenda salama, binti. Msalimie mama." Kisha akanigeukia. "Nawe lete hiyo miwani yako. Tangu jana unatembea kama umevaa viatu vya jirani."

Akaiweka kwenye mashine ya kupimia lenzi, akachungulia. "Nani kafunga hii?"

"Mimi."

"Ulitia nukta?"

"Hapana, shangazi. Nilikuwa na haraka."

"Ya kulia umeiweka kushoto, ya kushoto kulia. Siku mbili unaiona dunia imelala mshazari, na hukujiuliza kama kosa ni la dunia au ni lako?"

Akaanza kufungua skrubu, taratibu, akiongea bila kunitazama. Alivuka mto akiwa na miaka kumi na tisa, akasema, na sanduku moja lisilofunga. Mji wetu haukuwa na mtu wa kusaga lenzi, na wazee wengi walikuwa wakiongozwa mkono na wajukuu kwa kukosa tu vioo viwili. Kule hakujua lugha. Usiku alijifunza maneno, mchana alijifunza kazi, na miezi sita ya kwanza alikata vidole zaidi ya vioo. Sheria ya nukta alipewa na mwalimu wake wa kule, bibi mmoja mkali kama pilipili, aliyembakisha darasani kila jioni mpaka mkono ukatulia.

"Na watu wa kule hawakukasirika?" nikauliza.

"Wapo waliokasirika. Na walikuwa na sababu. Kitanda nilicholalia mimi kuna mtoto wa pale alikikosa. Simjui jina wala sura mpaka leo." Akanivalisha miwani, akainyoosha masikioni. Sakafu ikalala chini inavyotakiwa. "Ndiyo maana silipui kazi. Kila lenzi ninayoifunga, namfikiria yule mtoto."

Nilimtazama shangazi yangu kama namwona kwa mara ya kwanza, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke mfupi, aproni imechakaa, vidole vina makovu madogo madogo. Nusu ya mji ilikuwa ikisoma, kushona na kuvuka barabara kwa sababu ya vidole vile.

"Kesho utakwenda kikaoni," akasema. "Barua uliipeleka kwa miguu yako, utaitoa kwa mdomo wako. Nitakuwa nimekaa nyuma. Sitakusemea."

Ijumaa nikasimama mbele ya kamati. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaisoma barua. Afisa elimu, mama mwenye sauti ya upole, alikuwa ameishika mkononi. Ng'ambo na mama yake walikuwa benchi la pembeni. Mama yule ameshika mkoba kwa mikono miwili kama anazuia usiruke.

"Barua hiyo niliandika mimi," nikasema. "Nimeweka haki mara saba, lakini nimeficha jambo. Wa pili ni mimi. Yeye akitolewa, naingia mimi. Alinishinda kwa alama nne, na alinishinda kwa lugha aliyojifunza kwa miaka mitatu tu. Naomba kuiondoa barua." Kisha nikageukia lile benchi. "Nisamehe." Na nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Afisa elimu alieleza kwamba fomu ya halmashauri inauliza mtoto anasoma wapi, haiulizi alizaliwa wapi. Mama wa binti yule analipa ushuru wa meza yake sokoni kama wenzake wote. Nafasi ikabaki yake, na Jumatatu akaondoka na sanduku linalofunga vizuri. Nililibeba mimi mpaka stendi. Mimi nikasoma shule ya kutwa, nikashinda chumba cha nyuma kwa shangazi, na leo lenzi nasaga mimi, na nukta siruki. Binti yule alipomaliza alifanya kazi hapa miaka michache, kisha akarudi kwao, ambako anatengeneza mashine za hospitali. Huniandikia, na barua zangu bado huzirudisha zimesahihishwa.

Lakini siwezi kumaliza bila kusimulia jinsi ubishi wa siku ile ulivyokwisha, maana haukukwisha kwa msamaha wangu. Aliinuka muuza nyama, baba yake Kipaza, mjumbe wa kamati. Sasa unajua sauti ya Kipaza ilitoka wapi.

"Mtoto kaondoa barua, sawa! Mimi hoja sijaiondoa!" Akaichukua ile fomu, akateremsha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, akaisoma juu hadi chini. "Haya, nimeona, haijakataza. Lakini niulize kama mzazi. Huyu binti tunamsomesha kwa kodi yetu. Akishaiva, anafunga mizigo, anarudi kwao na ujuzi wote. Sisi tumefaidika nini?"

Watu wakaguna. Wengine walitikisa kichwa kukubali, na sitawacheka, kwa sababu siku mbili nyuma ningepiga makofi. Mama wa binti akainamisha macho kwenye mkoba wake.

Shangazi akainuka kule nyuma.

"Jirani, samahani. Miwani hiyo inakufaa?"

"Inanifaa sana, fundi! Nisiseme uongo, kabla yake nusura nijikate vidole pale buchani. Kwani vipi?"

"Ivue."

"Niivue? Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyeitengeneza alisomeshwa kwa kodi ya watu wa kwao binti huyu, akafunga mizigo, akarudi kwenu na ujuzi wote. Na wao hawajatuma mtu kuuliza wamefaidika nini."